Potensheli ya elektrodi na seli za kielektrokemia: mwongozo kamili, kutoka jedwali hadi voltimita

Tumbukiza kipande cha zinki kilichosuguliwa kwa msasa kwenye mmumunyo wa buluu wa salfeti ya shaba. Baada ya sekunde chache uso wa zinki unakuwa mweusi, kisha unaota utando mwekundu wa hudhurungi unaobanduka ukiguswa. Polepole ile buluu inafifia, na ukishika bika unahisi uvuguvugu. Atomu za zinki zimetoa elektroni, ayoni za shaba zimezipokea zikageuka kuwa shaba:

Zn + Cu²⁺ → Zn²⁺ + Cu

Nishati yote ya mmenyuko huu imeishia kuwa joto, kwa sababu elektroni zilihama papo hapo, kutoka atomu hadi ayoni iliyoigusa. Sasa tenganisha pande hizi mbili: zinki ikae kwenye bika lake, ayoni za shaba kwenye bika lingine, na njia pekee ya elektroni iwe waya. Mmenyuko ni uleule, ila safari hii elektroni zinalazimika kupita unapotaka wewe. Hiyo ndiyo seli ya kielektrokemia.

Wanafunzi wengi hushika fomula ya mada hii haraka, halafu hukwama swali likigeuzwa kidogo tu. Kwa maoni yangu chanzo ni kimoja: hawajakubali kwamba volti ni tofauti kati ya pande mbili, na kwamba elektrodi moja peke yake haina volti inayoweza kupimwa. Ukilishika hilo, karibu kila kanuni inayofuata utaijenga mwenyewe bila kukariri.

Kinachotokea kwenye uso wa metali

Metali ikiwa ndani ya mmumunyo wenye ayoni zake, mambo mawili hutokea kwa wakati mmoja. Baadhi ya atomu huacha elektroni zao kwenye metali na kuingia majini zikiwa ayoni. Wakati huohuo, baadhi ya ayoni hurudi, zikachukua elektroni na kuwa atomu tena. Kasi za pande zote mbili zikilingana, tunakuwa na msawazo:

Zn²⁺ + 2e⁻ ⇌ Zn

Msawazo wa zinki umeegemea zaidi upande wa ayoni kuliko ule wa shaba, kwa hiyo kipande cha zinki hubaki na mrundikano mkubwa zaidi wa elektroni. Unganisha viwili hivi kwa waya, na elektroni zitatoka penye mrundikano mkubwa kwenda penye mdogo. Msukumo wa safari hiyo ndio voltimita inaousoma.

Kila upande wa namna hii huitwa nusu-seli. Nusu-seli inayopoteza elektroni ndiko oksidesheni inakotokea, na elektrodi yake ni anodi. Inayopokea elektroni ndiko kwenye ridaksheni, na elektrodi yake ni kathodi. Shika maana hizi mbili kabla ya alama za chanya na hasi. Huko mbele utaona kwamba alama hubadilika, maana hizi hazibadiliki.

Sifuri iliyokubaliwa na watu wote

Kama kinachopimika ni tofauti tu, jedwali limepataje namba moja kwa kila elektrodi? Kwa njia ileile inayotumika kupima urefu wa milima: tunachagua usawa mmoja, tunauita sifuri, halafu kila kitu kinapimwa kutoka hapo. Katika kemia namba hiyo huitwa potensheli ya elektrodi, E°, na sifuri yake ni elektrodi sanifu ya haidrojeni:

2H⁺ + 2e⁻ ⇌ H₂, E° = 0.00 V

Ni kipande cha platini kilichopakwa platini nyeusi yenye chembe laini, kikiwa ndani ya asidi yenye ayoni za H⁺ kwa ukolezi wa 1 mol/dm³, huku gesi ya haidrojeni ikipulizwa juu yake kwa kanieneo ya 100 kPa. Halijoto ni 298 K, yaani 25 °C. Platini haishiriki katika mmenyuko. Inatoa tu uso wa kubadilishania elektroni. Masharti haya ya ukolezi, kanieneo na halijoto ndiyo yanayowakilishwa na ile duara ndogo kwenye E°. Yakibadilika, namba nayo inabadilika.

Katika maabara ni nadra kukuta mtu akipuliza gesi ya haidrojeni kila anapotaka kupima. Kinachotumika ni elektrodi rejea zilizo rahisi kutunza, kama ile ya fedha na kloridi ya fedha. Ikiwa na kloridi ya potasiamu iliyokolea kabisa, potensheli yake ni takribani +0.197 V juu ya haidrojeni. Unapima dhidi yake, kisha unaongeza 0.197 ili urudi kwenye kipimo cha haidrojeni.

Kusoma jedwali

Hizi hapa potensheli tutakazotumia. Zote zimeandikwa kama ridaksheni, elektroni zikiwa upande wa kushoto:

Mg²⁺ + 2e⁻ ⇌ Mg: −2.37 V
Al³⁺ + 3e⁻ ⇌ Al: −1.66 V
Zn²⁺ + 2e⁻ ⇌ Zn: −0.76 V
Fe²⁺ + 2e⁻ ⇌ Fe: −0.44 V
Ni²⁺ + 2e⁻ ⇌ Ni: −0.25 V
Sn²⁺ + 2e⁻ ⇌ Sn: −0.14 V
2H⁺ + 2e⁻ ⇌ H₂: 0.00 V
Cu²⁺ + 2e⁻ ⇌ Cu: +0.34 V
I₂ + 2e⁻ ⇌ 2I⁻: +0.54 V
Fe³⁺ + e⁻ ⇌ Fe²⁺: +0.77 V
Ag⁺ + e⁻ ⇌ Ag: +0.80 V
Br₂ + 2e⁻ ⇌ 2Br⁻: +1.07 V
MnO₂ + 4H⁺ + 2e⁻ ⇌ Mn²⁺ + 2H₂O: +1.23 V
Cl₂ + 2e⁻ ⇌ 2Cl⁻: +1.36 V
MnO₄⁻ + 8H⁺ + 5e⁻ ⇌ Mn²⁺ + 4H₂O: +1.51 V

Kadiri namba inavyokuwa chanya zaidi, ndivyo kitu kilicho kushoto kinavyozivuta elektroni kwa nguvu. Kadiri inavyokuwa hasi zaidi, ndivyo kitu kilicho kulia kinavyozitoa kwa urahisi. Kwa hiyo katika orodha hii mpokeaji hodari wa elektroni ni MnO₄⁻, chini kabisa kushoto, na mtoaji hodari ni Mg, juu kabisa kulia. Ukiulizwa nani anamuoksidisha nani, angalia pembe hizo mbili.

Tahadhari kwa wanaosoma vitabu vya zamani: mfumo wa kuandika potensheli zote kama ridaksheni ulikubaliwa kimataifa na IUPAC, umoja wa kimataifa wa kemia, mjini Stockholm mwaka 1953. Kabla ya hapo, vitabu vingi, hasa vya Marekani, viliziandika kama oksidesheni, kwa hiyo zinki huonekana humo kuwa +0.76. Ukiona zinki ina alama ya chanya, geuza alama za jedwali zima kabla hujaanza kukokotoa.

Kukokotoa volti ya seli

Tuanze na zinki na shaba. Andika nusu-mimenyuko miwili kama ilivyo kwenye jedwali. Angalia upi una potensheli iliyo chanya zaidi: ni shaba, +0.34. Huo ndio utakaobaki kuwa ridaksheni, kwa hiyo shaba ni kathodi. Mwingine, wa zinki, unageuzwa uwe oksidesheni, na zinki ni anodi. Kisha:

E°(seli) = E°(kathodi) − E°(anodi)
E°(seli) = 0.34 − (−0.76) = 1.10 V

Zingatia kwamba kwenye fomula hii hugeuzi alama ya anodi. Unaingiza namba zote mbili kama zilivyo kwenye jedwali, na ile alama ya kutoa ndiyo inayofanya kazi ya kugeuza. Mwanafunzi anayegeuza alama ya zinki kuwa +0.76 halafu akatoa tena hupata −0.42 V, jibu ambalo wasahihishaji hukutana nalo mara kwa mara. Chagua mtindo mmoja. Ama utoe namba za jedwali kama zilivyo, ama ugeuze ile ya anodi kisha ujumlishe. Ukichanganya mitindo yote miwili umepotea.

Mfano wa pili ni shaba na fedha. Fedha ina +0.80, kwa hiyo ni kathodi. Shaba ni anodi. Shaba inatoa elektroni mbili, na kila ayoni ya fedha inapokea moja tu, kwa hiyo mlinganyo uliosawazishwa ni:

Cu + 2Ag⁺ → Cu²⁺ + 2Ag

E°(seli) = 0.80 − 0.34 = 0.46 V

Je, hatukupaswa kuzidisha 0.80 kwa mbili, maana tumezidisha nusu-mmenyuko wa fedha kwa mbili? Hapana, na inafaa tutulie hapa kidogo. Volti ni joule kwa kila coulomb, yaani nishati anayopewa kila msafiri mmoja, wala si jumla ya nishati ya msafara. Ukizidisha mmenyuko kwa mbili, nishati inakuwa maradufu, lakini chaji iliyohama nayo ni maradufu. Uwiano unabaki palepale.

Kinachozidishwa ni nishati huru, ΔG°, yaani nishati inayoweza kufanya kazi, na fomula inayoiunganisha na volti ni hii:

ΔG° = −nFE°

Hapa n ni idadi ya moli za elektroni, na F ni 96 485 C kwa moli. Kwa seli ya zinki na shaba: −2 × 96 485 × 1.10, sawa na takribani −212 kJ kwa moli. Volti ikiwa chanya, ΔG° inakuwa hasi, na hiyo ndiyo sababu tunasema mmenyuko unakwenda wenyewe.

Fomula hiyo ndiyo inayokuokoa kwenye mtego mmoja mgumu. Ukiombwa potensheli ya Fe³⁺ + 3e⁻ ⇌ Fe, huwezi kujumlisha tu +0.77 na −0.44. Hapa unaunganisha nusu-mimenyuko miwili ili upate nusu-mmenyuko wa tatu, na idadi ya elektroni haifanani, kwa hiyo unajumlisha nE kisha ugawanye kwa jumla ya elektroni:

E° = (1 × 0.77 + 2 × −0.44) ÷ 3 = −0.11 ÷ 3 ≈ −0.04 V

Unapounda seli kamili huhitaji haya yote, kwa sababu elektroni zinazotoka ndizo hizohizo zinazoingia, na n inajifuta yenyewe.

Kuandika seli kwa ufupi

Anodi huandikwa kushoto, kathodi kulia. Mstari mmoja unaonyesha mpaka kati ya hali mbili za maada, mistari miwili inaonyesha daraja la chumvi:

Zn(s) | Zn²⁺(aq) || Cu²⁺(aq) | Cu(s)

Pale ambapo hakuna metali kwenye nusu-mmenyuko, kama kwa Fe³⁺ na Fe²⁺, unahitaji elektrodi isiyomenyuka, mara nyingi platini. Ayoni mbili zilizo katika mmumunyo mmoja hutenganishwa kwa mkato: || Fe³⁺(aq), Fe²⁺(aq) | Pt(s).

Kuunda seli kwa mikono yako

Seli hii ya zinki na shaba ina jina la John Frederic Daniell, mkemia wa Uingereza aliyeibuni mwaka 1836 akitafuta chanzo cha umeme kilichotulia kuliko rundo la sahani ambalo Alessandro Volta alilitangaza mwaka 1800. Tutaitengeneza kwa mabika mawili.

Anza na mimumunyo, kila mmoja 100 cm³ yenye ukolezi wa 1 mol/dm³. Kwa shaba, pima gramu 25.0 za fuwele za buluu za salfeti ya shaba, CuSO₄·5H₂O. Kwa zinki, pima gramu 28.8 za ZnSO₄·7H₂O. Yeyusha kila moja kwenye maji yaliyotoneshwa yaliyo pungufu ya 100 cm³, na zikishayeyuka zote ndipo uongeze maji hadi ufike alama. Ukianza na 100 cm³ kamili kisha ukaongeza chumvi, ujazo utapita na ukolezi hautakuwa 1. Vaa miwani ya usalama, na usimwage salfeti ya shaba ovyo, kwa sababu ni sumu kali kwa viumbe wa majini. Kusanya mabaki kwenye chombo chake.

Sugua vipande vya metali kwa msasa mpaka ving'ae, kila metali na kipande chake cha msasa. Chembe za shaba zikibaki kwenye zinki zitaunda visehemu vidogo vya seli juu ya uso uleule, na usomaji wako utaharibika.

Daraja la chumvi ni ukanda wa karatasi ya chujio uliolowekwa kwenye mmumunyo wa nitrati ya potasiamu uliokolea kabisa. Ncha moja inazama bika hili, nyingine bika lile. Kazi yake ni hii: zinki inapoyeyuka, bika lake linazidi kuwa na ayoni chanya, upande wa pili ayoni za shaba zinapungua, salfeti zikibaki nyingi. Bila njia ya kusawazisha chaji, mtiririko ungekatika mara moja. Nitrati huelekea upande wa zinki, potasiamu huelekea upande wa shaba. Waya wa metali hauwezi kushika nafasi hii, maana waya hupitisha elektroni, na kinachohitajika humo ndani ya maji ni mwendo wa ayoni.

Kwa nini nitrati, wakati kloridi ya potasiamu inapatikana kwa wingi? Kwa shaba na zinki kloridi ingefaa tu. Lakini ukibadilisha upande mmoja uwe fedha, kloridi na Ag⁺ hutengeneza mashapo meupe ya AgCl. Ukolezi wa Ag⁺ unashuka na volti inashuka nao. Nitrati ya potasiamu haina ugomvi huo, kwa hiyo izoee tangu mwanzo.

Sasa unganisha voltimita: waya mweusi kwenye zinki, mwekundu kwenye shaba. Tarajia kitu kati ya 1.05 na 1.10 V. Usomaji ukitulia ndipo uandike.

Ukisoma −1.09, hakuna kilichoharibika: nyaya zimebadilishana nafasi. Alama inakuambia tu kwamba waya mweusi umeunganishwa na kathodi, na hiyo ni njia nzuri ya kutambua kathodi unapokuwa na metali usiyoijua. Namba ikiyumbayumba au ikiganda kwenye sifuri, kagua daraja kwanza: karatasi imekauka, au ncha moja haijagusa mmumunyo. Kisha kagua vibanio, ambavyo hushika kutu na kuzuia mkondo. Usomaji ukiwa chini, 0.9 hivi, sugua metali upya. Na zinki ikianza kuwa nyeusi sehemu iliyozama, ujue ayoni za shaba zimepenya kupitia daraja. Badilisha karatasi na mmumunyo wa zinki.

Voltimita nzuri ina ukinzani mkubwa, kwa vifaa vya kidijitali mara nyingi megaohmu 10, ili mkondo unaopita uwe karibu na sifuri. Ndiyo maana inasoma msukumo kamili wa seli. Ukitoa voltimita ukaweka balbu, utashangaa haiwaki. Seli haijafa. Daraja la karatasi lina ukinzani mkubwa, na mkondo unaopita ni mdogo mno kwa balbu. Hata diodi nyekundu ya mwanga, isiyohitaji mkondo mkubwa, hutaka takribani volti 1.8, kwa hiyo utahitaji angalau seli mbili mfululizo, na hata hapo mwanga utakuwa hafifu.

Jambo moja zaidi la kujaribu hapohapo: badilisha zinki kwa utepe wa magnesi kwenye salfeti ya magnesi. Jedwali linasema 0.34 − (−2.37) = 2.71 V. Voltimita itasoma chini ya hapo kwa mbali. Magnesi imefunikwa na utando wa oksidi, na tena inamenyuka na maji yenyewe, kwa hiyo uso wake haufiki kamwe kwenye ule msawazo safi ambao namba ya jedwali inauzungumzia. Tofauti kama hii iandike kwenye ripoti yako na uieleze. Inaonyesha uelewa kuliko namba iliyopakwa rangi ili ilingane na kitabu.

Ukolezi unapobadilika

Walther Nernst, aliyepata tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1920, alitoa mwaka 1889 mlinganyo unaotuondoa kwenye masharti sanifu. Kwa 298 K unaandikwa hivi:

E = E° − (0.0592 ÷ n) × log Q

Q ni uwiano wa ukolezi wa mazao kwa vitangulizi, kila kimoja kikipandishwa kwa kipeo cha namba yake kwenye mlinganyo. Metali ngumu haziingii. Kwa seli yetu, Q = [Zn²⁺] ÷ [Cu²⁺].

Punguza ayoni za shaba hadi 0.010 mol/dm³, zinki ibaki 1.0. Q inakuwa 100, log yake ni 2, na E = 1.10 − 0.0296 × 2 = 1.04 V. Sasa punguza zote mbili hadi 0.010. Q inarudi kuwa 1, na E inarudi 1.10 V. Kuongeza maji pande zote kwa kiasi sawa hakubadilishi kitu hapa, jambo ambalo wengi hawalitarajii.

Lakini faida kubwa ya mlinganyo huu ni kuona jinsi seli inavyokufa. Tuseme tumeanza na 1.0 mol/dm³ pande zote na tukaitumia seli mpaka asilimia 99 ya ayoni za shaba zimekwisha. Shaba imebaki 0.010, zinki imefika 1.99. Q ni 199, log yake takribani 2.30, na E ni 1.03 V. Soma tena: seli imebakiwa na asilimia moja tu ya ayoni zake za shaba, na voltimita bado inaonyesha volti moja na ushei. Volti huanguka kwa kasi mwishoni kabisa, mmenyuko unapokaribia msawazo wake. Na msawazo huo uko mbali sana: ukiweka E = 0, log K = 2 × 1.10 ÷ 0.0592, takribani 37, yaani K ya kama 10³⁷. Ndiyo maana kupima betri kwa voltimita bila kuipa mzigo hakukuambii vizuri imebaki na kiasi gani.

Mlinganyo huohuo unakuambia kwamba unaweza kupata umeme kutoka kwenye shaba na shaba. Weka elektrodi mbili za shaba, moja kwenye ukolezi wa 1.0, nyingine kwenye 0.010. E° ni sifuri, lakini E = 0.0296 × 2, karibu 0.059 V. Elektrodi iliyo kwenye mmumunyo hafifu ndiyo anodi, kwa sababu huko ndiko ayoni zinakohitajika ili pande mbili zilingane.

Je, mmenyuko utakwenda?

Jedwali linajibu maswali mengi hata bila kuunda seli yoyote. Shaba haimenyuki na asidi ya haidrokloriki kwa sababu 0.00 − 0.34 ni hasi. Lakini asidi ya nitriki huila, kwa kuwa hapo mpokeaji wa elektroni ni ayoni ya nitrati, ambayo ikigeuka kuwa NO ina +0.96 V, na 0.96 − 0.34 inatoa +0.62 V.

Ni kwa sababu hiyo pia kwamba taitresheni ya pamanganeti huwekwa asidi ya salfuriki, wala si haidrokloriki. MnO₄⁻ ina +1.51 na klorini +1.36. Tofauti ni +0.15 V, ya kutosha kuoksidisha kloridi kuwa klorini, na hapo sehemu ya pamanganeti yako imeliwa na asidi badala ya sampuli.

Na mabati je, yaani chuma kilichopakwa zinki? Zinki ina −0.76, chuma −0.44. Bati likikwaruzwa, zinki ndiyo inayotoa elektroni na chuma kinasalimika. Chuma kilichopakwa stani (Sn) ni kinyume: stani ina −0.14, hivyo utando ukichubuka, chuma ndicho kinachogeuka anodi na kuliwa haraka zaidi.

Jedwali hili lina mipaka miwili inayopaswa kuheshimiwa. Kwanza, linazungumzia masharti sanifu. MnO₂ ina +1.23 na klorini +1.36, kwa hiyo E° ni −0.13 V na ungesema haiwezekani. Hata hivyo Carl Wilhelm Scheele alipata klorini mwaka 1774 kwa kuchanganya hivi hivi viwili, MnO₂ na asidi ya haidrokloriki. Asidi iliyokolea na kupashwa moto iko mbali na 1 mol/dm³. H⁺ inaingia kwenye Q kwa kipeo cha nne, na gesi ya klorini inatoroka kila inapotengenezwa. E° ikiwa ndogo hivyo, ukolezi unaweza kuigeuza. Ikiwa −0.6 au zaidi upande wa hasi, usitarajie muujiza.

Pili, jedwali halisemi chochote kuhusu kasi. Alumini yenye −1.66 ingepaswa kumenyuka na maji kwa fujo, lakini utando wa oksidi unaifunika na inatumika bila shida. Volti chanya maana yake mmenyuko unaruhusiwa. Kama utachukua sekunde au miaka ni swali lingine kabisa.

Chaji, gramu, na seli inayosukumwa kinyume

Ukijua mkondo na muda, unajua gramu. Seli yetu ikitoa 0.10 A kwa saa moja, chaji ni 0.10 × 3600 = 360 C. Gawanya kwa 96 485: moli 0.00373 za elektroni. Gawanya kwa 2: moli 0.00187 za metali. Zinki imepungua gramu 0.122, shaba imeongezeka gramu 0.119. Kwa daraja la karatasi hutafikia mkondo huo. Ukitaka kuona tofauti kwenye mizani, tenganisha mimumunyo kwa chungu chenye vinyweleo badala ya karatasi.

Ukiunganisha chanzo cha nje chenye zaidi ya volti 1.10 dhidi ya seli, unaisukuma irudi nyuma: shaba inayeyuka, zinki inajijenga. Hiyo ni elektrolisisi, na hapa ndipo ile tahadhari ya mwanzo kuhusu alama inapohitajika. Kwenye seli inayotoa umeme, anodi ni hasi. Kwenye elektrolisisi, anodi ni chanya. Katika zote mbili anodi ndiko oksidesheni inakotokea. Anayekariri kwamba anodi ni chanya atapata nusu ya maswali na kukosa nusu.

Maswali ya kujipima

Jaribu kwanza, kisha soma majibu yaliyo chini.

1. Seli ya nikeli na fedha: ipi ni anodi, na E° ni ngapi?
2. Fe³⁺ inaweza kuoksidisha ipi kati ya I⁻ na Br⁻?
3. Seli ya zinki na shaba ina Zn²⁺ 0.10 mol/dm³ na Cu²⁺ 1.0 mol/dm³. E ni ngapi kwa 298 K?

Majibu: (1) Nikeli ni anodi, 0.80 − (−0.25) = 1.05 V, bila kuzidisha fedha kwa mbili. (2) Iodidi pekee: 0.77 − 0.54 = +0.23 V. Kwa bromidi, 0.77 − 1.07 = −0.30 V. (3) Q ni 0.10, log yake −1, kwa hiyo E = 1.10 + 0.0296 ≈ 1.13 V, mazao yakiwa machache, msukumo unaongezeka.